Bandari si mji

Kibokoni, Mombasa
12 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Tangu alipojua kwamba atakwenda nanyi kwenye safari yenu ya meli, mama yako ameshaanza kuniuliza kama Bahari ya Kati ina mawimbi kama yetu ya kusi. Nimemjibu kwamba meli yenye ghorofa nyingi namna ile haishughuliki na mawimbi ya mwezi wa Agosti. Amenyamaza, ila sidhani kama ameniamini.

Nimeisoma orodha uliyonitumia kwenye simu, ya matembezi mnayotaka kuyafanya kila meli inapofunga gati. Marseille mna ziara tatu. Genoa mbili. Roma mmeiandika nzima, kuanzia Vatican mpaka Colosseum na chemchemi zilizo katikati. Palermo mna mlima na ufuo siku hiyo hiyo, na Valletta mnataka kukizunguka kisiwa chote kwa basi. Nimetafuta humo mahali ambapo mama yako anakaa chini akanywa chai, sikupaona. Miaka yangu ya mwisho melini niliimalizia kwenye meza ya matembezi, pale abiria wanapokuja kununua safari za nchi kavu, kwa hiyo orodha za namna hii nazijua. Huandikwa na mtu aliyekaa kwenye kochi, kisha hutembewa na mtu aliyesimama juani.

Basi iweke kando kwanza, uchukue ratiba ya meli. Kwa kila bandari andika meli inafunga wapi hasa, abiria wanatakiwa wawe wamerudi saa ngapi, na kutoka ngazi ya meli hadi kile mnachotaka kukiona ni mwendo gani. Matangazo huandika "Roma", lakini Roma haina gati la meli hizo. Meli inafunga Civitavecchia, na kutoka hapo hadi Roma ni zaidi ya kilomita 70. Siku nyingine ukiona wameandika "Florence", jua ni Livorno, na Florence iko kilomita zipatazo 90 ndani ya bara. Nyinyi mmebahatika, maana katika bandari zenu tano za njiani, tatu mji unaanzia getini: Genoa, Palermo na Valletta. Mtu anateremka ngazi, anavuka barabara, yuko mjini. Marseille iko baina na baina. Ya mbali ni Roma peke yake. Kwa hiyo pesa na kichwa chako vyote vipeleke Roma, na zile tatu mtazimaliza kwa miguu na teksi.

Kisha angalia saa. Saa ya meli kuondoka si saa yenu ya kurudi. Meli ikiandikwa kuondoka saa moja usiku, abiria wote huwa wanatakiwa ndani nusu saa kabla, pengine saa nzima, na saa hiyo huandikwa kwenye karatasi ya kila siku mnayoletewa chumbani. Hispania, Ufaransa, Italia na Malta wote wanatumia saa moja, kwa hiyo hamtakuwa na kusogeza mishale. Lakini ninyi mna tatizo lenu la nyumbani. Andikeni saa mara mbili: 18:30 kwa watoto, na saa kumi na mbili unusu kwa mama yako. Usicheke. Mjukuu aliyezaliwa Leicester akimwambia bibi yake "tukutane saa sita", mmoja atafika adhuhuri na mwingine jioni.

Sasa nije kwenye swali uliloniuliza, kama ununue ziara za meli au mjipange wenyewe. Ziara ya meli ina faida moja kubwa: basi lao likichelewa, meli inalingoja, au kampuni inabeba jukumu la kuwafikisha. Mkienda wenyewe mkachelewa, meli haiwangoji. Nimewaona watu wakikimbia gatini na mifuko ya zawadi huku abiria wa juu wakiwapigia makofi, na ngazi imeshatolewa. Baada ya hapo ni wakala wa meli bandarini, hoteli, na nauli ya kuifuata meli bandari ya pili, vyote kwa mfuko wako. Kwa mtu mwenye pasipoti ya Uingereza hiyo ni hasara ya pesa. Kwa mama yako mwenye pasipoti ya Kenya na visa yenye tarehe, huenda ikawa zaidi ya pesa.

Hasara ya ziara ya meli nayo iko kwenye basi hilo hilo. Mko arobaini na zaidi, mnafuata kibao chenye namba, mwendo ni wa yule wa polepole kuliko wote, na kusimama ni kwenye duka ambalo mwongozaji analijua yeye. Soma maelezo kwa makini kabla ya kulipa. Wakiandika kwamba ni ziara ya mandhari, maana yake mtaona kupitia dirisha la basi. Wakiandika kwamba kuna kutembea kiasi, kwa magoti ya mama yako hicho si kiasi. Angalia kama chakula kimo, angalia kama tiketi za kuingilia zimo, na mwisho wa kufuta bila kukatwa pesa ni lini.

Kwa Roma kuna njia ya tatu ambayo watu wengi huipita kwenye orodha bila kuisoma. Meli nyingi huuza basi tupu: linawachukua gatini, linawashusha mjini mahali palipotajwa, na saa iliyotajwa linawarudisha. Hakuna mwongozaji, hakuna kibao. Mnatembea mnavyotaka, na bado ni basi la meli. Hilo ndilo ningelinunua mimi.

Treni ni ya bei rahisi zaidi, sikatai. Kuna basi la bandari linalowatoa hadi mahali paitwapo Largo della Pace, hapo mnapanda basi jingine au teksi hadi stesheni, kisha treni ya mkoa ya mwendo wa saa nzima au zaidi kidogo. Lakini fanya hesabu na mtoto wa miaka sita na bibi wa miaka sabini. Mkitoka melini saa mbili asubuhi, Roma mtaikanyaga kama saa nne. Ili muwe na nafasi ya kupumua, muanze kurudi saa tisa na nusu. Mmebaki na saa tano na kitu, na humo mna chakula, choo, na mtoto kukataa kutembea. Halafu Italia wana migomo ya treni. Hutangazwa mapema, kwa hiyo utaweza kuangalia. Siku ya mgomo, ikiwa ni siku ya kazi, treni za mikoa huhakikishwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na tena kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Asubuhi mtakwenda vizuri tu. Mchana mnapotaka kurudi treni ni za kubahatisha, na zinapoanza tena jioni, ninyi mnatakiwa muwe melini ndani ya nusu saa.

Kwa saa tano hamuoni Vatican na Colosseum zote mbili. Chagueni. Ningekuwa na watoto ningechukua Colosseum, maana mtoto hahitaji kuelezwa kitu. Jengo lilizinduliwa mwaka 80 na bado linamfumbua macho. Tiketi zake zina saa ya kuingia na jina la mwenyewe, na huanza kuuzwa mwezi mmoja hivi kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo weka alama kwenye kalenda. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, lakini nao waandikishwe. Ndani mna lifti, mama yako asiogope. Yale magofu ya Forum yaliyo jirani ni mawe yasiyolingana na hayana kivuli cha maana. Hayo mumeo aende na mkubwa, nanyi mtafute mkahawa. Roma ina mabomba ya maji ya kunywa barabarani zaidi ya 2,000, maji baridi na ya bure, basi kila mtu awe na chupa yake. Na angalia siku ya Roma isiwe tarehe 15 Agosti. Ni sikukuu yao kubwa ya kiangazi, na maduka na mikahawa mingi hufungwa.

Marseille futa ziara zote tatu. Meli inafunga mbali upande wa kaskazini wa bandari, kilomita nane au tisa kutoka mji wa kale, na katikati hapo hapatembeki kwa miguu. Panda basi la meli au teksi mpaka Vieux-Port, ile bandari ya zamani yenye mashua. Lakini sababu ya kufuta si hiyo. Unajua kwamba Marseille imejaa Wangazija, hata wenyewe hutania kuwa ndiyo kisiwa cha tano cha Komoro. Binamu yake mama yako yuko huko tangu ujana, na mara ya mwisho kuonana wote wawili walikuwa bado na meno yao yote. Unadhani mama yako atataka kupandishwa kilimani kutazama kanisa la Notre-Dame de la Garde, hata kama mandhari yake ni mazuri, na binamu yake yuko mtaa wa chini?

Kaeni kwa binamu. Watoto wako watawasikia watu wakizungumza Kingazija, na nusu yake watafikiri wanakielewa. Ila nakuonya, hapa ndipo pa hatari kuliko Roma. Nyumba ya jamaa haina kengele. Mtaletewa chakula, kisha matunda, kisha jirani aje kusalimia, kisha albamu ya harusi ya mwaka gani sijui. Waambie mapema, tena mwambie binamu mwenyewe kwa sauti yako, kwamba chakula kiwe mezani saa sita, na saa nane na nusu teksi iko mlangoni. Mwambie meli inaondoka saa moja kabla ya saa yake ya kweli. Mungu atakusamehe. Kama mumeo na mkubwa wanataka kutoka kidogo, soko la Noailles liko karibu na Vieux-Port, na hapo chakula cha halali si cha kuulizia.

Genoa ni fupi. Nendeni kwenye akwariamu ya bandari ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1992. Kutoka melini ni mwendo wa chini ya nusu saa, kwa teksi ni dakika chache, na mdogo hatataka kutoka. Baadaye mkate wao wa mafuta ya zeituni, na mama yako alale.

Palermo ndiko ninakotaka ukae kidogo, na ndiko ulikokupa nafasi ndogo kuliko kote. Ufuo achana nao. Mama yako ameishi ufuoni maisha yake yote. Chukueni teksi, mkubaliane bei kabla ya kufunga mlango, muende Palazzo dei Normanni, jumba la wafalme ambamo leo linakaa bunge la Sicily. Ndani yake mna kanisa dogo la mfalme Roger wa Pili, liitwalo Cappella Palatina. Lilianza kutumika mwaka 1140. Kuta ni za Wagiriki, dhahabu tupu, na dari ni ya mbao iliyochongwa kwa mkono wa Waislamu, na maandishi ya Kiarabu yamo juu ya vichwa vya wanaosali misa. Mfalme alikuwa Mkristo wa Kinormani, na alivipenda vyote. Mabega yafunikwe, hilo kwenu si tatizo. Kuna ngazi, pandeni taratibu, na msiende Jumapili asubuhi wakati wa ibada.

Mfalme huyo huyo alimweka mjini Palermo mwanachuoni Mwislamu, Sharif al-Idrisi, amtengenezee ramani na kitabu cha dunia nzima. Kilikamilika mwaka 1154. Al-Idrisi hakufika kwetu. Alikusanya habari kwa wasafiri na mabaharia. Hata hivyo Malindi imo, na chuma cha watu wake kimetajwa, na Mombasa imo pia. Yaani mji huu ninaokuandikia, miaka karibu mia tisa iliyopita ulikuwa ukisomwa katika jumba hilo mtakaloingia. Mwambie mama yako mkiwa mle ndani, usimwambie nyumbani. Majengo hayamshughulishi, lakini hilo litamshughulisha, na mkubwa wako anayesema historia inachosha mwache alisikie likisemwa kwa Kiswahili.

Mkitoka hapo, shukeni kwa miguu polepole hadi kanisa kuu la mji. Mahali pake palikuwa na msikiti, na kwenye nguzo moja ya baraza ya upande wa kusini bado kuna aya ya Qur'ani iliyochongwa. Mumeo ataitafuta, atajifanya ameiona yeye kwanza. Kisha soko la Ballarò. Kuleni panelle, ni unga wa dengu uliokaangwa, ndugu yake bhajia za Kibokoni, wanauweka ndani ya mkate. Usiwape mkate wa wengu, maana hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na arancine, yale madonge ya wali, uliza yana nyama gani ndani kabla ya kununua. Samaki wapo tele. Adhuhuri na alasiri mtazikusanya, msafiri ana ruhusa yake.

Valletta msinunue ziara yoyote. Meli inafunga chini ya ngome kabisa, na kutoka chini kuna lifti ya Barrakka inayowapandisha mita 58 mpaka kwenye bustani. Fikeni juu kabla ya saa sita mchana, mizinga hupigwa adhuhuri, mdogo atafurahi na mama yako atalaani. Kiingereza ni lugha rasmi na magari yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo hapo mama yako na mkubwa wanaweza hata kuachwa wakanunue aiskrimu peke yao. Mkiwa na nguvu, mabasi ya Mdina yanaanzia nje ya lango la mji, kama nusu saa hivi. Msipokuwa nazo, msijilazimishe: kesho yake meli iko baharini mchana kutwa, lakini wenye magoti hawajui kukopa usingizi wa kesho.

Barcelona, mnakopandia meli, mfike siku moja kabla, ndege za Agosti si za kuaminiwa. Tiketi za Sagrada Família mnunue mapema mtandaoni, na mikoba ikae mbele kifuani, hasa ndani ya metro.

Sasa visa, ambayo hukuitaja, na ndiyo ya kwanza. Wewe na watoto mna pasipoti za Uingereza. Mama yako hata akiwa na visa ya Uingereza mkononi, kushuka Marseille au Palermo kunataka visa ya Schengen. Ombi haliwezi kupelekwa zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na kwa tarehe zenu mlango umeshafunguka, kwa hiyo tuanze. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifike yuro 30,000. Ombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana, nchi ya kuingilia kwanza. Ninyi mna siku tatu za Italia na siku kadhaa za Hispania, kwa hiyo uhesabu vizuri kabla hatujamsafirisha kwenda kutoa alama za vidole kwa watu wasiohusika. Omba ya kuingia mara nyingi. Njia yenu yote imo ndani ya Schengen, lakini upepo ukichafuka nahodha hubadili bandari, na akiamua Tunis badala ya Palermo mama yako atakuwa ametoka na itabidi aingie tena.

Dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wake wa mkononi kila mnaposhuka, siyo chumbani, pamoja na nakala ya pasipoti na ile karatasi ya siku yenye simu ya wakala wa bandari. Na mwombee kiti cha magurudumu cha kwenye uwanja wa ndege sasa hivi. Atakataa. Omba tu.

Nitumie tarehe kamili za kila bandari nikutazamie siku zinazoangukia, Jumapili ya Palermo na Agosti 15 hasa. Jambo jingine ni viatu. Jana amenunua vipya, vyekundu, na anasema ni vya Ulaya havitaguswa mpaka siku ya safari. Nimemwambia avivae kila siku kwenda sokoni kuanzia sasa mpaka Agosti vilainike, amenijibu kwamba sokoni kuna matope. Mimi kaka yake hanisikii, mpigie wewe.

Wasalimie watoto na mumeo.

Wasalaam,
Mjomba wako